Sifuri Niliyompelekea Mama Mwakio

Voi, Jumamosi alasiri, Oktoba 1976

Na leo tena kikapu hakikushuka.

Jumamosi iliyopita nilijidanganya, kama nilivyoandika hapa. Nilisema labda Mama mkwe amebanwa na shamba, maana watu wa milimani wanatifua udongo kungoja vuli. Nikasema labda kikohozi kimemrudia, au jirani yake Mama Walegwa alichelewa akakimbilia basi bila kupita kwake. Leo sina tena la kujidanganya nalo. Nimeambiwa ukweli mchana kweupe, katikati ya soko, nikiwa nimeshika kabichi ambayo sikutaka kununua.

Upepo unavuma tangu asubuhi. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo, na shati jeupe la mume wangu Mwakio nililoanika lina rangi ya tofali. Yeye ameenda shuleni kusimamia mpira wa wavulana. Nyumba imenyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nimekaa humu ndani na sisikii raha ya kukaa humu ndani.

Shajara yangu, wewe ndiwe unayejua jinsi nilivyo. Kurasa zako zote tangu Julai zimejaa Mwakio. Mwakio amecheka, Mwakio amenunua taa, Mwakio ameniita mke wangu mbele ya mwalimu mkuu nikataka kuyeyuka. Bado nikisikia kengele ya baiskeli yake kwenye kona nakimbilia kioo kwanza, kisha mlango. Vyumba vyetu viwili hivi nyuma ya duka la vitambaa mimi naviona kama ikulu. Nilidhani furaha ya namna hii haiwezi kumuumiza mtu.

Kumbe inaweza.

Niandike kwa mpangilio, ili nijione vizuri.

Kile kikapu alikisuka Mama Mwakio mwenyewe, kwa mkonge, kina mistari ya zambarau na kahawia inayozunguka mpaka kwenye mdomo. Alinipa siku ile waliponipeleka kwake Bura, mlimani, baada ya harusi. Hakutoa hotuba. Asingeweza, kwa sababu mimi na yeye hatuna lugha. Yeye Kiswahili chake ni cha kununua chumvi dukani. Mimi nimezaliwa kwenye kota za reli hapa Voi, baba yangu mtu wa Kakamega, nyumbani tulisema Kiluhya na Kiswahili. Kidawida, lugha ya Mama, ninachokijua ni salamu moja tu, Kwawuka mana, ya kumwamkia mtu asubuhi, ambayo mimi naisema hata jua likizama, na wifi zangu wanaanguka kwa kicheko. Basi Mama alikijaza kikapu maharage, akakiweka mikononi mwangu, akaifunika mikono yangu kwa mikono yake. Nikaelewa.

Tangu siku hiyo kikapu ndicho kilichokuwa mdomo wetu.

Kila Jumamosi Mama Walegwa, jirani yake anayeuza mboga hapa sokoni, alikishusha kimejaa, na jioni alikipandisha kimejaa. Kutoka juu zilikuja ndizi, viazi vitamu, mchicha uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Kutoka huku nilipeleka sukari, majani ya chai, boflo la mkate, kipande cha sabuni. Siku moja yalikuja mayai, kila yai limeviringishwa ndani ya jani kavu, na kwa kona zote zile za kutoka mlimani hakuna hata moja lililopata ufa. Niliyabusu yale mayai. Mwakio alinikuta nikiyabusu akaniuliza kama nitayapika au nitayaatamia.

Siku nyingine nilikuta majani fulani machungu chini kabisa ya ndizi. Nikamuuliza Mama Walegwa ni ya nini. Akanitazama tumboni, akatazama pembeni, akasema, "Ni ya kusaidia." Tulicheka mpaka wateja wake wakageuka. Nami jioni ile nilipeleka sukari nyingi kuliko kawaida, na Mama, naamini, alielewa kwamba nimesikia, na kwamba bado.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukizungumza. Na mazungumzo yalikuwa yamefika mbali. Alikuwa ametuma neno kwamba mwisho wa mwezi huu atashuka yeye mwenyewe kuja kuiona nyumba yetu. Yeye, ambaye Mwakio anasema hapendi joto la Voi wala kelele za treni. Nilishona mapazia mapya kwa ajili yake.

Sasa nifike kwenye sifuri.

Ilikuwa Jumapili moja, jua limepoa, tumekaa kwenye ngazi ya mlango. Mwakio anasahihisha mtihani wa hesabu wa kidato cha pili, mimi nachambua mchele. Akafika kwenye karatasi ya kijana mmoja, akatikisa kichwa, akachora duara jekundu kubwa.

"Maskini," nikasema. "Sifuri."

"Unajua neno hilo limetoka wapi?"

Hapo nilijua mchele utangoja. Wanaume wengine huwaletea wake zao marashi. Wangu ananiletea maneno, na mimi, shajara, nayapenda kuliko marashi.

Akaniambia sifuri tuliipata kwa Waarabu, na kwamba kwao, kabla haijaingia kwenye hesabu, lilikuwa neno la nyumbani tu, sifr, maana yake tupu. Chombo kisicho na kitu, chumba kisicho na watu. Mtu aliyetoka kutafuta akarudi bila kitu, wanasema amerudi mikono sifr. Na Waarabu nao hawakuibuni namba yenyewe, waliikuta kwa Wahindi, ambao walikuwa wanaiita kwa neno lao lenye maana hiyohiyo ya utupu. Waarabu wakalitafsiri. Wazungu wakaja wakalichukua kwa Waarabu, likapita Italia, likasagwa kwenye ndimi za watu mpaka likatoka limekuwa ziro. "Wanafunzi wangu wanadhani ziro ndiyo ya kisomi na sifuri ni ya kienyeji," alisema. "Kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Ila yetu haikuzunguka sana njiani."

Aliyajua hayo chuoni, kwa mwalimu wake mmoja mtu wa Lamu.

Nikamuuliza kwa nini watu wajisumbue kuwa na namba ya kitu ambacho hakipo. Akachukua kijiti, akaandika kwenye vumbi moja, akaacha pengo, akaandika tano.

"Hii ni ngapi?"

"Kumi na tano."

"Mimi nimeandika mia na tano. Zamani watu waliacha pengo hivi, na wenzao wakasoma vibaya kama ulivyosoma wewe." Kisha akachora kiduara katikati. "Sasa?"

"Mia na tano."

"Umeona kazi yake? Ni tupu, lakini imeshika nafasi. Bila yake hao wawili wanasogeleana, na maana yao inapotea."

Ee Mungu wangu, jinsi nilivyoguswa! Niliacha ungo pale pale. Nikamwambia kwamba basi ukienda shuleni asubuhi, nyumba hii ni sifuri, ni tupu lakini imekushikia nafasi. Akacheka, akasema nimemshinda ualimu. Wiki nzima niliimba sifuri. Nikitandika kitanda naona mto wake, nasema sifuri. Nikiosha kikombe chake, sifuri. Nilikuwa kama mtoto aliyepewa filimbi.

Ikafika Jumamosi.

Nilikuwa nimeshanunua vitu vya Mama. Sukari, majani, boflo jipya lenye joto. Vyote viko mezani. Kikapu kiko kando, kitupu, ndizi zake nimeshazitoa. Nikakitazama kile kikapu, ule mdomo wake wa mviringo, na wazo likanijia likaniangaza uso mzima. Nikaona nimpelekee Mama hiki kitu kitamu nilichopewa na mwanawe. Sukari kila mtu anapeleka. Mimi nimpelekee sifuri! Nikipandishe kikapu kitupu, safi, chenye maana kwamba hapa kwetu kuna nafasi yako, tunaishika mpaka uje mwisho wa mwezi.

Nilikiosha kwa sabuni. Nilikisugua mpaka mistari ikang'aa. Nikakianika juani, nikakigeuzageuza kama mtoto mchanga.

Jioni Mama Walegwa alipokishika, aliona wepesi wake, akachungulia.

"Mke wa mwalimu, umesahau kutia."

"Sikusahau. Leo kinakwenda kitupu."

"Kitupu?"

"Kitupu."

"Hata chumvi?"

"Hata chumvi. Mwambie ni sifuri. Mwambie sifuri ni kitu kitupu, lakini kinamshikia mtu nafasi yake, na sisi tunamshikia nafasi yake."

Alinitazama kama mtu anayetafuta homa kwenye uso wa mgonjwa. "Mwanangu, mimi nabeba kabichi. Hesabu sibebi."

"Mwambie tu hivyo, mama. Ataelewa."

"Tia japo kiberiti."

Nilicheka! Nakumbuka nilicheka, nikamsukuma kidogo kwenye bega aende asiachwe na basi. Nikarudi ndani nikapika chai kwa sukari ya Mama. Nikakata boflo la Mama. Mwakio alipofika alikula, akasifu, akasema, "Leo tuna sikukuu gani?" Sikumwambia. Nilitaka iwe siri tamu kati yangu na mama yake.

Ule mkate ndio unaonikaba leo kuliko yote.

Wala siwezi kusema sikujua. Kule kota za reli, sisi tulikuwa watu wa kila mahali, Waluhya, Wajaluo, Wakamba, na bado hakuna mama aliyerudisha chombo cha mwenzake hivihivi. Mama yangu mzazi akiazima sahani, itarudi na nyanya mbili juu yake. Akikosa nyanya anatia vijiti vitatu vya mkaa. Nilimwona maisha yangu yote. Nilijua. Lakini nilijiona nina kitu kikubwa kuliko nyanya.

Basi leo nilimngoja Mama Walegwa tangu basi la Bura liliposimama. Akashuka wa mwisho, gunia la kabichi mgongoni, na mkono wake wa kushoto, ule anaoshikia kikapu chetu, hauna kitu.

"Shikamoo, mama. Kikapu kiko wapi?"

"Marahaba. Kipo."

"Kipo wapi?"

"Kwa mwenyewe." Alitandaza gunia lake chini, akaanza kupanga kabichi bila kunitazama. "Shika hii, jifanye unachagua. Watu wana macho."

Nikashika. Akanieleza kwa sauti ya chini, huku akipiga kelele katikati, "Kabichi, kabichi ya mlimani!" kila mtu akipita.

Siku ile alipokifikisha, Mama Mwakio hakuwa peke yake. Walikuwapo wanawake wenzake uani, wamekaa wanasokota nyuzi za mkonge. Na wao wamezoea, kila Jumamosi wanangoja kuona mkamwana wa Voi ameleta nini, kwa sababu Mama huwakatia mkate pale pale. Mama alikipokea akicheka. Akatia mkono. Akautia mpaka chini. Akakigeuza, akakipigapiga matako. Hakikuanguka kitu. Mwanamke mmoja akakohoa.

"Kisha akakinusa," alisema Mama Walegwa.

"Akakinusa?"

"Kilinuka sabuni. Akaniuliza, amekiosha? Nikasema amekiosha. Hapo ndipo nilipouona uso wake ukifunga."

"Kwani kukiosha ni vibaya?"

"Kwenu watu wakimaliza kula hawaoshi vyombo? Na vyombo vikioshwa, si chakula kimekwisha?" Akamgeukia mteja, akamuuzia, akarudi kwangu. "Akasema, basi ameshiba. Hilo tu. Akakitundika kwenye msumari jikoni, juu, pale anapoweka vitu asivyotumia."

"Lakini hukumwambia maneno yangu? Ya nafasi?"

"Nilianza, mwanangu. Haki ya Mungu nilianza. Lakini watu wakiwa wanatazama kikapu kitupu, nani anasikiliza maneno?"

Niliigeuza ile kabichi mkononi.

"Na kuku," akasema.

"Kuku gani?"

Kulikuwa na kuku. Jogoo mwekundu, aliyekuwa amefungwa kamba mguuni karibu na mlango, analishwa mahindi anenepe. Alikuwa wa safari. Alikuwa wangu. Mama alikuwa ashuke naye mwisho wa mwezi, kwa sababu mama wa mume haingii nyumba mpya ya mwanawe kwa mara ya kwanza bila kuku. Jioni ileile, wanawake walipoondoka, Mama Walegwa alimwona kupitia uani akiinama, akimfungua kamba. Jogoo alisimama pale pale kwanza, hajui kama yuko huru. Mama akamfukuza kwa mkono.

Nilinunua ile kabichi. Sijui kwa nini. Iko mezani hapa, inanitazama.

Mwakio alipokuja kula mchana nilimwambia yote, mpaka mkate. Nilidhani atacheka. Mwakio wangu hucheka kwa urahisi, ndiyo sababu moja ya kumpenda. Akaweka kijiko chini taratibu.

"Ulimpelekea mama yangu kikapu kitupu."

"Nilimpelekea sifuri. Ile yako."

Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia, na alilisema akitazama dirishani. Alipokuwa mdogo, baada ya baba yake kufariki, ulikuja mwaka mbaya, mvua zilikosa mara mbili. Mama yake alimtuma na kikapu kwa mjomba, ndugu yake mwenyewe wa kuzaliwa naye, aombe mahindi kidogo. Mjomba alikipokea akaingia nacho ndani, akakaa, akatoka nacho akakirudisha kama kilivyokuwa. Mwakio alikibeba kitupu njia nzima mpaka nyumbani. Mama akatia mkono mpaka chini, akakigeuza. Baadaye mvua zilikuja, mjomba akaja na maneno mengi, na Mama alimpikia, alimkalisha, alimheshimu. Lakini hakukanyaga tena nyumbani kwake. Mpaka mjomba alipokufa.

"Hasemi," Mwakio alisema. "Mama hana ugomvi. Anatundika tu."

Nililia ndani ya sahani yangu. Akaja akakaa upande wangu wa meza, akanishika kichwa. Akasema kosa ni lake, anabebesha watu maneno. Akasema kesho atapanda yeye Bura, amweleze mama yake vizuri kwa Kidawida, sifuri na Waarabu na yote, na mambo yataisha.

Nikamwambia asiende.

Sijui nilipata wapi nguvu za kumkatalia, maana mimi Mwakio simkatalii kitu. Lakini nililiona wazi. Yeye ni mtoto wake. Akienda, atasamehewa yeye, atakula, atarudi na ndizi za mwanawe. Mimi nitabaki kwenye msumari.

Alipokuwa akitoka kwenda mpirani alisimama mlangoni, pale pale kwenye ngazi alipoandika kwa kijiti siku ile. Akasema, kwa upole kabisa, kama anavyowaambia wale wavulana wa kidato cha pili, "Unajua, Nafula, ile sifuri ya mia na tano inafanya kazi kwa sababu ya wenzake. Moja iko huku, tano iko kule. Ukiiandika peke yake kwenye karatasi..." Hakumalizia. Akapanda baiskeli.

Sikuhitaji amalizie. Nimekaa hapa na hilo jambo tangu alipoondoka.

Kama ningekuwa nimesimama mwenyewe pale uani kwa Mama, na kikapu kitupu mkononi, angetia mkono, angekikuta hakina kitu, angeinua macho, angeniona. Angecheka. Angesema kitu kwa Kidawida na wanawake wote wangecheka, mimi nikiwa wa kwanza kucheka bila kuelewa. Mimi nilikaa huku na mume wangu na mkate wenye joto, nikautuma utupu upande basi peke yake.

Na nashangaa nikifikiria. Neno hili limetoka kwa Wahindi likaenda kwa Waarabu, likapita midomo ya watu wasiohesabika, mabaharia na wafanyabiashara na walimu wa watoto, likafika pwani, likapanda mpaka Voi, likanifikia mimi kwenye ngazi ya mlango bado na maana yake ndani. Hakuna aliyelimwaga. Mimi nimelimwaga kati ya Voi na Bura, safari ya jioni moja.

Mwakio aliniambia mwanzoni kabisa, na mimi nikakimbilia mbele kwenye lile la nafasi kwa kuwa ndilo lenye utamu. Mtu aliyerudi mikono sifr. Alilisema. Mwanamke yeyote aliyewahi kumtuma mtoto akaombe mahindi analijua neno hilo bila kufundishwa Kiarabu.

Sasa nifanye nini?

Nimewaza kumtumia vitu viwili, vitatu, mara nne ya kawaida. Lakini nitavitia ndani ya nini? Kikapu kiko kwake, na nikituma kwa mfuko wa dukani nitakuwa nimesema kwamba kikapu chake sikihitaji kweli. Nimewaza kusubiri, labda hasira itapoa. Lakini hana hasira, na asiye na hasira hapoi. Anatundika tu. Mapazia haya mapya yananiudhi. Nikiyaangalia naona uso wake akiyaona kwa mara ya kwanza, na huo uso siwezi kuuchora kwa sababu huenda hautakuja.

Je, nikifika akanipikia, akanikalisha, akaniheshimu?

Hilo ndilo ninaloliogopa. Naogopa heshima yake.

Lakini nitakwenda. Nitakwenda mwenyewe, bila Mwakio, bila Mama Walegwa wa kunitafsiria. Nitafunga sukari na boflo ndani ya leso yangu ya harusi, ile ya manjano, nivipakate njia nzima. Nikifika sitasema lolote la hesabu. Nitaomba kwa mkono nionyeshwe ule msumari. Nitakishusha kile kikapu mimi, nitie vitu ndani mbele yake, na mbele ya wenzake kama wapo, na kama watakohoa wakohoe. Kisha nitakaa chini nao nisokote mkonge. Sijui kusokota. Nyuzi zitanikata vidole, na wao watanicheka, na hapo labda kitaanza tena kitu fulani.

Mwakio akirudi nitamwambia anifundishe neno moja tu kwa Kidawida, la kusema nilikosea, na anifundishe pia salamu ya mchana, maana basi la kwanza kutoka hapa linafika huko mchana na sitaki kumwamkia mama wa mume wangu kama jogoo.

Mama, hutayasoma haya, na hata ukisomewa ni lugha isiyo yako. Yule kuku mwache kwanza atembee, usimfunge kwa ajili yangu. Mimi ndiye ninayekuja. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa uani kwako, na mikono yangu haitakuwa mitupu.